UZI: Shoo za roki na fanki kwenye kumbi ndogo: usimame wapi, masikio uyalindeje, na mengine ya kujua kabla ya kuingia

BesiNyuziNne (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Uzi huu ni wa wapenzi wa roki na fanki wanaofuata bendi laivu kwenye kumbi ndogo. Nazungumzia ukumbi wa watu mia hadi mia tano hivi: dari ya chini, jukwaa la kimo cha goti au kiuno, spika kuu mbili pembeni na sabufa zake (spika kubwa za sauti za chini), baa kule nyuma. Malalamiko ya huko hayabadiliki. Mwimbaji hasikiki, besi imefunika kila kitu, gitaa linachoma masikio, na lawama zote anabebeshwa fundi mitambo. Mara nyingi tatizo ni pale ulipokita miguu. Aliye mita tatu kutoka hapo anasikia shoo nyingine kabisa.

Kwenye ukumbi mdogo sauti inatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni jukwaani penyewe: drams na ampu za magitaa. Drams hazihitaji maiki ili zijaze chumba cha namna hiyo, na ampu ya gitaa la roki vilevile. Ya pili ni spika kuu, na humo ndimo anamopita mwimbaji, kinanda na mara nyingi tarumbeta. Spika hizo zimesimama kwenye ncha mbili za jukwaa zikitazama ukumbi. Ukijibana mbele kabisa katikati, tumbo limegusa jukwaa, zinakupita pembeni. Unachopata ni drams na magitaa moja kwa moja, na mwimbaji unaambulia mabaki ya monita, yaani spika za jukwaani zinazomtazama yeye ili ajisikie. Fundi hata akimpandisha, wewe hufaidiki. Anayechomwa ni aliyeko katikati ya ukumbi. Kumbi chache zina spika ndogo za kujazia mbele kwenye ukingo wa jukwaa. Kama hazipo, rudi nyuma.

Urudi kiasi gani? Kadiria umbali kati ya spika kuu ya kushoto na ya kulia, kisha rudi umbali huohuo au zaidi kidogo, ukae katikati. Spika zikiachana mita 6, simama mita 6 hadi 8 kutoka mbele. Meza ya fundi ikiwa ndani ya ukumbi, hatua mbili tatu mbele yake ni pazuri, kwa sababu kila anachorekebisha anakirekebisha kwa masikio yaliyo pale. Ila zipo kumbi zilizoisukuma meza kwenye kona au chini ya roshani. Huko usiifuate. Chini ya roshani sauti za juu zinafifia, inabaki mivumo.

Besi ina mambo yake. Sabufa mbili, moja kila upande, husaidiana katikati ya ukumbi kwa kuwa sauti zake zinakufikia pamoja. Ukisogea pembeni, moja inakuwa karibu na nyingine mbali. Sauti ya mitetemo 60 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa karibu mita 5.7. Tofauti ya umbali wako kwa sabufa hizo ikifika nusu ya hapo, kama mita 2.9, mawimbi yanakutana yakiwa kinyume na nota hiyo inakufa, huku nota nyingine iliyo mbali nayo ikibaki. Ukisikia nota moja inavuma na inayofuata imepotea, usimlaumu mpiga besi, sogea mita moja au mbili. Ukutani besi inarundikana, na kwenye kona ndiyo balaa.

Gitaa nalo: ampu nyingi za roki zina spika za inchi 12, na sauti za juu za spika ya ukubwa huo huenda mbele kwa mwali mwembamba. Ukisimama mkabala na ampu, kila mkwaruzo unaingia sikioni. Hatua mbili pembeni zinatosha kuupunguza.

Karibuni wenye ujuzi muongezee, hasa wa mitambo na wa usalama.

---

Fundi wa Meza

Mkuu umeeleza vizuri. Naongezea upande wa meza.

Majaribio ya sauti hufanyika ukumbi ukiwa mtupu. Watu wakijaa, miili na nguo zinameza sauti za kati na za juu, lakini besi haimezwi kwa kiasi hicho. Kwa hiyo kilichosikika sawa saa kumi na moja jioni, saa tatu usiku kinasikika kizito na chenye ukungu. Wimbo wa kwanza na wa pili fundi anautengeneza upya ukumbi. Mpeni nafasi mpaka wa tatu kabla ya kuhukumu.

Kuhusu "ongeza sauti ya mwimbaji": kuna ukomo ambao hakuna fundi anayeweza kuuvuka. Maiki ya mwimbaji haisikii mdomo wake peke yake. Inasikia pia monita, drams na ampu zilizo nyuma yake. Ukiipandisha, sauti inayotoka kwenye monita inarudi kwenye maiki, inakuzwa tena, inatoka tena, mpaka maiki inapiga mluzi. Mwimbaji anayeimba kwa sauti ndogo mbele ya ampu iliyofunguliwa mpaka mwisho hana nafasi. Dawa ni kuteremsha ampu au kuigeuza isimwelekee, na uamuzi huo uko kwa mpiga gitaa.

Waimbaji wengine hushika kichwa cha maiki kwa kiganja kizima. Maiki nyingi za jukwaani zimeundwa zisikie mbele na zizuie nyuma, na uzuiaji huo unategemea hewa inayopita kwenye matundu ya nyuma ya wavu. Ukiyaziba, maiki inaanza kusikia pande zote, sauti inakuwa ya puani na mluzi unakaribia.

Ukiwa na jambo la kumwambia fundi, subiri wimbo uishe na useme kitu kinachopimika: "Nikiwa upande wa kulia karibu na nguzo simsikii mwimbaji." Hapo anaweza kwenda kusikiliza mwenyewe, au kuangalia kama spika ya upande huo imezima. Ukimwambia "sauti mbaya", humpi pa kuanzia. Kinywaji usikiweke kwenye meza yake wala karibu na nyaya, hata kwa sekunde moja.

---

Mwanana

Asanteni wakuu. Swali: vizibo vya masikio vinaua muziki au la? Kuna wanaosema ukivaa ni kama kusikiliza shoo kutoka chumba cha pili.

---

Sikio Zima

Mwanana, inategemea ni vizibo gani na umeviingizaje. Nianze na namba, kwa sababu bila namba watu hudhani tunatishana.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mtu asizidishe desibeli 85 kwa saa 8. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unagawanywa kwa mbili. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika 15. Shoo ya roki kwenye ukumbi mdogo kufika 100 au kuvuka ni jambo la kawaida, na seti ya bendi kuu ni saa nzima au zaidi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa viwango vya kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100 kwa kila kipimo cha dakika 15, vipimo vifanyike, na wasikilizaji wapatiwe vizibo na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio.

Sasa vizibo.

Vya sponji ni rahisi kupatikana na vinazuia sana, ila vinakata sauti za juu kuliko za chini. Ndiyo ile hali ya chumba cha pili: matoazi yanapotea, maneno hayasikiki vizuri, besi inabaki. Vya wanamuziki vina kichujio kidogo ndani na vinapunguza sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, kwa kawaida kati ya desibeli 10 na 20. Muziki unabaki na umbo lake, umepungua tu. Kama unakwenda shoo mara kwa mara, nunua hivi. Vipo pia vinavyochongwa kwa kipimo cha sikio lako. Hivyo vinakaa vizuri kuliko vyote, ila bei yake iko juu.

Namba iliyo kwenye pakiti ni ya maabara. Mvaaji wa kawaida hupata pungufu ya hapo, mara nyingi pungufu sana, kwa sababu ya uvaaji. Hatua za vya sponji ni hizi:

Nawa mikono. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke. Ingiza haraka kabla hakijafutuka, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30. Kikikaa sawasawa, sauti yako mwenyewe inavuma kichwani. Jaribu kuziba masikio kwa viganja: kelele ikishuka sana, kizibo hakijaziba, rudia. Ukijitazama kwenye kioo ukakiona chote kimechomoza nje, hakijaingia.

Hesabu yake ni hii. Ukumbi una desibeli 103, vizibo vinakupunguzia 15 za kweli, sikio linapokea 88, na muda wako unapanda kutoka dakika 7 na nusu hadi saa 4. Pamba na karatasi ya chooni havizuii chochote cha maana.

Vaa kabla ya bendi kuanza. Baada ya nusu saa ya kelele sikio limeshaanza kupungua usikivu, na wewe utaona sauti ni ya kawaida.

Mlio masikioni baada ya shoo, au kusikia kama umefunikwa blanketi, ni dalili kwamba umezidisha. Mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili. Kuisha kwake hakumaanishi kwamba hakuna kilichoharibika. Usisikilize muziki kwa spika za masikioni siku inayofuata. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, muone daktari wa masikio siku hiyohiyo au kesho yake. Hiyo ni dharura, na tiba yake ina muda wake.

---

BesiNyuziNne

Nyongeza kwa wanaovaa sponji: kwa kuwa zinakula sauti za juu, usikae pembeni wala chini ya roshani, ambako sauti hizo ni chache tayari. Kaa ndani ya mwelekeo wa spika kuu, utapata mlingano mzuri. Kukaa mbali na spika bila vizibo si kinga ya kutosha ndani ya chumba. Uwanjani ukiongeza umbali mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6. Ndani ya kuta nne inashuka kidogo tu kisha inakwama.

---

Mama Sneya

Naona mmeegemea sana roki. Fanki inahitaji masikio mengine, na hata mahali pa kusimama panabadilika.

Roki inakubali ukungu kidogo. Gitaa lenye mkwaruzo linajaza mapengo lenyewe. Fanki inaishi kwenye mapengo. James Brown, mwimbaji wa fanki wa Marekani, aliijenga bendi yake juu ya mpigo wa kwanza wa kila mzunguko: wote wanaupiga kwa uzito, kisha kila chombo kinashika kijinafasi chake mpaka mpigo huo urudi. Mpiga drams anapiga sneya (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali) kwa nguvu kwenye mpigo wa pili na wa nne, na katikati anaweka mapigo madogo ambayo fimbo inadondoka tu kwenye ngozi. Hayo madogo ndiyo yanayoubeba mwendo. Clyde Stubblefield, mpiga drams wa James Brown, anakumbukwa kwa hayo kuliko kwa mapigo makubwa. Ukumbi ukiyafuta, kinachobaki ni bendi inayorudia kitu kimoja, na msikilizaji mgeni anachoka.

Yanafutwaje? Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde, yaani milisekunde 3 hivi kwa mita. Ukumbi wenye urefu wa mita 20 na ukuta wa nyuma wa saruji tupu, aliye karibu na jukwaa anasikia pigo, kisha linamrudia baada ya kwenda na kurudi mita 40, kama milisekunde 117. Kwenye mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, robo ya pigo moja ni milisekunde 150. Kwa hiyo mwangwi unatua palepale kwenye pengo, juu ya mapigo madogo. Ukumbi wenye pazia zito nyuma, au uliojaa watu, hauna tatizo hilo. Kabla ya bendi kuanza, piga kofi moja kali. Ukisikia kofi la pili likikurudia kutoka nyuma, usikae mbele. Sogea kuelekea katikati, ambako mwangwi wa ukuta wa nyuma unakufikia mapema zaidi na kuungana na sauti yenyewe.

Kwa fanki napendelea karibu kuliko anavyoshauri mleta uzi: mita 4 hivi, upande wa drams, mahali ambapo hi-hat (matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu) na sneya vinanifikia bila kupita kwenye spika. Namkosa mwimbaji kidogo, ila napata mwendo. Pia angalia tarumbeta na saksafoni ziko upande gani. Tarumbeta inatema sauti mbele ya mdomo wake kama tochi, na ukiwa mita mbili mkabala nayo inauma kuliko drams.

Kwa mgeni wa fanki: nyimbo tatu za mwanzo sikiliza chombo kimoja kwa kila wimbo. Wa kwanza besi, wa pili hi-hat, wa tatu gitaa la rithim ambalo muda mwingi mkono wa kushoto umezima nyuzi na kinachosikika ni mkwaruzo mkavu. Na besi inayopigwa kwa dole gumba na kuvutwa kwa kidole ni mtindo uliotangazwa na mpiga besi wa Marekani Larry Graham. Aliuanza alipokuwa akipiga na mama yake bila mpiga drams: gumba likakaa mahali pa ngoma kubwa, kidole mahali pa sneya. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini mpiga besi na mpiga drams wa fanki wanatazamana usiku kucha.

Anayetaka roki na fanki ndani ya wimbo mmoja atafute Zamrock ya Zambia ya miaka ya 1970, bendi ya WITCH na wenzao. Gitaa lina mkwaruzo wa roki, chini yake besi na drams zinacheza.

---

Fundi wa Meza

Mama Sneya, kuhusu mita 4 upande wa drams tutabishana kidogo. Kwenye dari ya chini, toazi likipigwa kwa nguvu, mita 4 ni karibu mno kwa mtu asiye na vizibo. Kwa mwenye vizibo vyenye kichujio nakubali, tena kwa bendi ambayo mpiga drams anajua kujizuia. Kipimo cha kofi ni kizuri, nasi tunakitumia.

---

Mlango wa Pembeni

Wakuu, haya ya sauti ni mazuri, lakini kuna jambo la kufanya kabla ya kutafuta pa kusimama: tafuta milango.

Tarehe 20 Februari 2003, West Warwick, jimbo la Rhode Island, Marekani, bendi ya roki ilipokuwa inaanza shoo kwenye klabu ndogo iitwayo The Station, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya kuzuia sauti iliyobandikwa ukutani. Chini ya dakika mbili hali ndani ilikuwa haivumiliki tena. Watu 100 walikufa. Ilikuwepo milango mingine, lakini wengi walikimbilia mlango mkuu walioingilia, wakabanana pale. Januari 2013 klabu ya Kiss, Santa Maria, Brazil, iliwaka kwa namna ileile, fataki na sponji ya dari, na waliokufa walikuwa 242.

Kwa hiyo ukiingia fanya haya. Hesabu milango ya kutokea na uione kwa macho, usitegemee taa ya alama peke yake. Angalia kama ule wa pembeni au wa nyuma unafunguka, haujafungwa kwa mnyororo wala kuzibwa na masanduku ya vyombo. Chagua mmoja ambao si ule ulioingilia, na uutazame tena ukishapata mahali pako. Ukikuta umefungwa, mwambie mhusika wa ukumbi. Asipojali, ondoka. Kiingilio kinalipwa tena, hakuna shoo inayostahili hatari hiyo. Ukiona moto wa fataki ndani ya chumba chenye sponji au mapambo ya kitambaa, anza kutoka papo hapo, usisubiri kuona kama ni sehemu ya onyesho.

Msongamano nao una dalili. Watu wanne kwa mita moja ya mraba bado unaweza kujigeuza. Wakifika sita saba umati unaanza kusogea wenyewe kwa mawimbi na mtu mmoja mmoja hana uamuzi tena. Wanaokufa kwenye msongamano wengi wao hukosa pumzi wakiwa wamesimama. Kifua kimebanwa, hakifunguki. Dalili ya kuondoka ni hii: umeguswa pande zote nne na huwezi kuinua mikono mpaka usoni. Ukiwa ndani yake tayari, weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili ubaki na nafasi ya kupumua, usisukumane na wimbi, na likitulia sogea kwa mshazari kuelekea pembeni, hatua chache kila mara. Usiiname kuokota simu. Ukianguka na huwezi kuinuka, lala kwa ubavu, jikunje, linda kichwa na kifua.

---

Mwanana

Asante sana Mlango wa Pembeni. Na lile duara la kusukumana mbele kwenye roki nzito, nalo ni hatari hivyo?

---

Mlango wa Pembeni

Duara ni jambo tofauti, kwa sababu lina nafasi katikati na unaweza kutoka. Lina taratibu zake na wanaolijua huzifuata: aliyeanguka anainuliwa mara moja na wanaomzunguka wanafungua mikono kumkinga, viwiko vinabaki chini, unasukuma kwa mabega na viganja, hupigi, asiyetaka kuingia havutwi. Kiatu au miwani ikiokotwa inanyanyuliwa juu mwenyewe aione. Walio ukingoni wana kazi ya kuzuia waliosukumwa wasiwaangukie waliosimama nyuma, kwa hiyo usikae ukingoni ukiwa na glasi mkononi. Vua miwani, hereni na mkufu, funga kamba za viatu mafundo mawili. Kwa kubebwa juu ya vichwa, hakikisha ukumbi unaruhusu, toa kila kitu mifukoni, vua mkanda wenye vyuma, na usifanye watu wakiwa wachache. Kumshikashika mtu mwili ndani ya duara si sehemu ya mchezo. Aliyefanyiwa aite baunsa, na aliyeona atoe ushahidi.

---

Foleni ya Kwanza

Nami niweke ya maandalizi kwa ufupi.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi mara nyingi ni wa milango kufunguliwa. Bendi ya kufungua hupanda nusu saa hadi saa moja baadaye, hupiga kama dakika 30, kisha dakika 20 hadi 30 za kubadilisha vyombo, ndipo bendi kuu kwa dakika 60 hadi 90. Kurasa za ukumbi au bendi hutoa ratiba siku yenyewe. Panga usafiri wa kurudi kabla hujatoka, si baada ya wimbo wa mwisho.

Vaa viatu vya kufunika vidole vyenye soli isiyoteleza, kwa sababu sakafu inalowa. Nguo nyepesi, koti liache mapokezi kama wana huduma hiyo. Begi la mgongoni linampiga wa nyuma kila ukigeuka. Beba kifuko kidogo cha mbele. Kunywa maji kabla na kati ya seti, hasa ukinywa pombe.

Kununua tiketi mapema kunamsaidia mwandaaji kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa maamuzi ya kuendelea na shoo au kuiahirisha hufanywa kwa kutazama zilizouzwa. Na kwa bendi ndogo, fulana na sahani za santuri zinazouzwa pale mezani mara nyingi huingiza kuliko sehemu yao ya kiingilio. Fika kuiona bendi ya kufungua. Ukumbi bado una nafasi, na utajua mapema besi inarundikana wapi kabla watu hawajajaa.

---

Picha Moja

Kuhusu simu: taa za LED nyekundu na bluu zinaichanganya kamera, uso unageuka doa lisilo na sura. Subiri taa nyeupe au ya manjano. Gusa uso wa mwanamuziki kwenye kioo, funga mwanga, kisha uteremshe kidogo. Mweko uzime, haufiki jukwaani, unawapofusha walio mbele yako. Video ikitoka na michirizi ya giza, weka kasi ya shata 1/50 au 1/100 kwenye nchi zenye umeme wa mitetemo 50, na 1/60 au 1/120 kwenye za 60. Sauti ikitoka na mikwaruzo, maiki ya simu imezidiwa, hasa na besi: ondoka karibu na sabufa, au tumia programu inayokuruhusu kuteremsha kiwango cha maiki. Kurekodi seti nzima omba ruhusa ya bendi. Na simu ishike kimo cha kifua, wimbo mmoja, inatosha.

---

Mwanana

La mwisho kwangu: mtu mfupi, na mtu anayekwenda na mtoto, wafanyeje?

---

Sikio Zima

Mtoto kwanza uliza ukumbi kama anaruhusiwa. Akiruhusiwa, mvalishe vile vifunika masikio vya kichwani vinavyofunika sikio lote, kwa kuwa vizibo vya kuingiza haviwatoshi wadogo na wanavitoa. Akae nyuma ya ukumbi, mbali na spika, karibu na mlango. Akivivua, mtoke naye.

---

BesiNyuziNne

Mfupi atafute uzio wa meza ya fundi. Watu hawasimami juu ya meza, kwa hiyo ana cha kuegemea na hakuna wa kumsukuma kutoka nyuma. Ngazi na sakafu iliyoinuka kando ya ukumbi pia zinafaa, mradi si njia ya kutokea. Anayetumia kiti cha magurudumu apige simu ukumbini siku chache kabla aulize kama kuna jukwaa lililoinuliwa, liko upande gani, na choo kinafikika bila ngazi. Kisha aombe awekwe upande usio na kona, maana majukwaa hayo wengi huyasukuma kwenye kona, palepale besi inaporundikana.